MANENO YA MGANGA NA MANENO YETU



Kila mtu aliyekwisha kwenda zahanati anajua jambo hili. Mganga humtazama mgonjwa machoni, humbonyeza tumbo, humwekea chombo kifuani, halafu huandika. Mgonjwa hupewa karatasi na kuambiwa aende dirisha la dawa. Akirudi nyumbani watu wanamwuliza, "Je, wamekuambia una nini?" Naye anajibu, "Sijui. Wameandika tu."

Jibu hilo halitufai. Mwili ni wetu, na ugonjwa ni wetu. Mtu asiyejua alichoambiwa hawezi kufuata dawa vizuri, wala hawezi kujua kama hali yake inazidi kuwa mbaya. Wengine huchelewa kurudi kwa mganga kwa sababu hiyo tu, na kuchelewa kunaua. Sisi tuliojifunza kusoma na kuandika hatukujifunza ili tuendelee kuandikiwa tu.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973. Mwaka huo palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya hapa Tanzania. Watu walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, halafu wakachimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Somo letu la leo linafuata njia hiyo hiyo. Tusome kwanza, kisha tujadiliane, kisha tutende.

Tunaposema "mganga" katika somo hili, tuna maana ya mtu aliyesomea kazi ya tiba, awe daktari, tabibu au muuguzi.

1. DALILI NI NINI?

Dalili ni kitu kinachotuonyesha kitu kingine. Neno hili tumelipata kwa Waarabu. Moshi ni dalili ya moto. Moshi wenyewe siyo moto, lakini ukiuona unajua moto upo mahali fulani.

Dalili za ugonjwa ni za namna mbili.

Kwanza, ziko zile anazozisikia mgonjwa mwenyewe: maumivu, kizunguzungu, kichefuchefu, kuwashwa. Hakuna mtu anayeweza kuyaona maumivu yako. Usiposema, mganga hajui.

Pili, ziko zile ambazo mtu mwingine anaweza kuziona, kuzigusa, kuzisikia kwa sikio au kuzipima. Hizo ndizo mganga anazozitafuta anapokupima mwili.

Mkulima mzuri anaelewa jambo hili. Akiona majani ya mahindi yamekuwa ya manjano, hasemi, "Shamba langu linaumwa manjano." Anajiuliza sababu. Je, mbolea imepungua? Je, maji yamezidi? Je, kuna wadudu? Na mganga hufanya hivyo hivyo.

2. NJIA NNE ZA KUPIMA MWILI

Mganga ana njia nne: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza.

Kutazama na kupapasa tunazijua sote. Kugonga kunawashangaza wengi. Mganga hulaza kidole kimoja juu ya kifua au tumbo, akakigonga kwa kidole cha mkono mwingine. Anafanya nini? Hebu fikirini debe la maji. Ukiligonga juu, mahali penye hewa, linalia. Ukiligonga chini, mahali penye maji, sauti inakuwa nzito. Mapafu yenye hewa hulia kama debe tupu. Kifua kikijaa maji, sauti yake ni nzito. Daktari Leopold Auenbrugger wa Austria aliandika juu ya njia hii mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasemekana mtoto alijifunza kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamejaa kiasi gani.

Kusikiliza nako kuna habari yake. Zamani daktari aliweka sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa. Mwaka 1816 daktari wa Ufaransa aitwaye René Laennec alikuwa anampima mwanamke kijana, akaona haya kumwekea sikio kifuani. Akaviringisha karatasi kama bomba, akaweka upande mmoja kifuani na upande wa pili sikioni. Lo! Akasikia moyo vizuri kuliko mwanzo. Kile chombo cha mipira ambacho mganga hukivaa shingoni kilitokana na karatasi ile.

3. MANENO YENYEWE

HOMA. Homa ni joto la mwili kuzidi kawaida. Hupimwa kwa kipimajoto. Chini ya kwapa, joto likifika nyuzi 37.5 au zaidi, hiyo ni homa. Wengi wetu tukisema "nina homa" tuna maana ya malaria. Hapo ndipo tunapokosea njia. Malaria huleta homa, lakini nimonia nayo huleta homa, na kidonda kilichooza, na ugonjwa wa njia ya mkojo, na homa ya matumbo. Kwa hiyo usinunue dawa ya malaria dukani kwa sababu mwili una moto. Pima damu kwanza.

KUPUMUA HARAKA. Mtoto mwenye kikohozi lazima ahesabiwe pumzi zake. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funua nguo, tazama tumbo na kifua kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika moja nzima. Kupumua ni haraka ikiwa hesabu ni hii:

Mtoto wa chini ya miezi 2: mara 60 au zaidi.
Mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1: mara 50 au zaidi.
Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5: mara 40 au zaidi.

KIFUA KUINGIA NDANI. Mtoto akivuta pumzi, sehemu ya chini ya kifua hutoka nje kidogo. Ikiwa badala ya kutoka inaingia ndani, mtoto anapumua kwa shida kubwa. Mpeleke kituoni hapo hapo.

UPUNGUFU WA DAMU. Waganga huita anemia, neno la Kigiriki lenye maana ya "bila damu". Mganga hutazama kiganja cha mkono na upande wa ndani wa kope la chini. Mahali hapo pana wekundu mtu akiwa mzima. Damu ikipungua panakuwa peupe. Linganisha kiganja cha mtoto na kiganja chako mwenyewe. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo ya safura, chakula duni, kutokwa damu nyingi, na ugonjwa wa kurithi wa selimundu.

MANJANO. Sehemu nyeupe ya jicho inakuwa ya manjano. Tazama kwenye mwanga wa jua, si kwenye taa. Dalili hii huweza kutoka kwenye ini, au mfereji wa nyongo ulioziba, au damu inayoharibika upesi kama katika malaria kali na selimundu. Angalieni, "homa ya manjano" ni jina la ugonjwa mmoja unaoletwa na mbu. Si kila mwenye macho ya manjano ana ugonjwa huo. Na mtoto mchanga akiwa na manjano siku ile ile aliyozaliwa, au viganja na nyayo zake zikiwa za manjano, asingojewe hata saa moja.

UVIMBE WA MAJI. Waganga huita edema. Bonyeza mguu kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, kisha achia. Ikiwa panabaki shimo, hapo pana maji. Kwa mtu mzima uvimbe huu huweza kutoka kwenye moyo, figo au ini. Kwa mtoto mdogo, uvimbe wa miguu yote miwili ni dalili ya utapiamlo mkali. Wazazi wengine hufurahi wakisema, "Mtoto amenenepa!" Kumbe mtoto anaangamia.

MKONO MWEMBAMBA. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kuna utepe wa kupimia mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kutoka 11.5 hadi chini ya 12.5 ni manjano, yaani mtoto yuko njiani kuharibikiwa. Kuanzia 12.5 ni kijani, hali nzuri.

UPUNGUFU WA MAJI MWILINI. Mtoto mwenye kuharisha hufinywa ngozi ya tumbo kidogo, kisha huachiwa. Ngozi ya mtoto mzima hurudi mara moja. Ikirudi polepole, maji yamepungua. Ikikaa imesimama zaidi ya sekunde 2, hatari ni kubwa. Macho nayo huingia ndani. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Soma pakiti ujue inataka maji kiasi gani, kwa kawaida ni lita 1 ya maji safi. Nenda zahanati huku ukiendelea kumnywesha.

BANDAMA. Watu husema, "Mtoto ana bandama." Kila mtu ana bandama. Iko upande wa kushoto, imejificha chini ya mbavu. Kwa kawaida mkono hauigusi. Mganga akiigusa, ina maana imevimba. Malaria za mara kwa mara, kichocho cha tumbo na selimundu huweza kuivimbisha. Ini liko upande wa kulia. Kuchanja tumbo kwa wembe hakupunguzi bandama. Kunaleta vidonda, na wembe mmoja kwa watu wengi huambukiza magonjwa.

MTOKI. Ni tezi iliyovimba kwenye kinena. Tezi ni kama askari wa zamu. Tezi ya kinena ikivimba, mganga atatafuta kidonda mguuni au ugonjwa katika sehemu za siri. Usione haya akikuuliza.

SHINGO NGUMU. Mgonjwa hawezi kuinamisha kidevu mpaka kifuani. Pamoja na homa na kichwa kuuma sana, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Huu ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali. Siku hizi kuna watu wanaona herufi U-T-I kwenye cheti wanadhani ni uti wa mgongo. Sivyo. Herufi hizo ni ufupisho wa Kiingereza wa ugonjwa wa njia ya mkojo.

MAPIGO YA MOYO. Hushikwa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Mtu mzima aliyetulia ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika.

PRESHA. Ni nguvu ya damu inavyosukuma mishipa. Huandikwa kwa namba mbili, kwa mfano 120/80. Namba ya kwanza ni wakati moyo unaposukuma. Ya pili ni wakati moyo unapopumzika. Ikionekana 140/90 au zaidi kila mara inapopimwa, hiyo ni presha ya juu. Mtu mwenye presha ya juu huweza asisikie kitu chochote. Kwa hiyo usiseme, "Leo sisikii presha, naacha dawa." Presha haisikiki, inapimwa. Kwa mama mjamzito, presha ya juu pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona giza au uso kuvimba ni dalili za kifafa cha mimba. Hilo si pepo, wala halingoji kafara. Mama apelekwe hospitali upesi.

4. MANENO YETU NAYO YANA THAMANI

Wengine hudhani maneno ya kidaktari hutoka Ulaya tu. Sivyo. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi yetu iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Viungo viliuma mpaka watu wakatembea wamejikunja. Wenyeji wakauita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Leo madaktari wa dunia nzima wanatumia neno hilo hilo, hata India na Brazili.

Kadhalika neno kwashiorkor, ambalo sisi huita kwashakoo, limetoka katika lugha ya Kiga ya Ghana. Akina mama wa huko walilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto anapoachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Daktari Cicely Williams alisikia neno hilo, akauliza maana yake, na mwaka 1935 akaliandika katika jarida la madaktari. Akina mama wale walikuwa wameshaona sababu ya ugonjwa.

Basi tusione haya kusema kwa maneno yetu. Ila tuseme kwa usahihi. Chukueni mfano huu. Wengi wetu tukiumwa pale chini ya kidari tunasema, "Moyo unaniuma." Pengine ni tumbo la chakula, mahali tunapopaita chembe cha moyo. Pengine ni moyo kweli. Mganga atajuaje? Weka kidole pale hasa panapouma. Sema maumivu yalianza lini, yanakuja wakati gani, na kitu gani kinayazidisha.

5. MAZUNGUMZO ZAHANATI

Someni mazungumzo haya kwa sauti, watu wawili wawili. Bibi amemleta mjukuu wake wa miezi 8.

Tabibu: Shikamoo bibi.
Bibi: Marahaba, mjukuu wangu. Za kazi?
Tabibu: Nzuri. Mtoto ana nini?
Bibi: Ana homa. Jirani aliniambia nimpe dawa ya malaria iliyobaki kwake. Nikasema, hapana, nije kwanza.
Tabibu: Umefanya vizuri. Mwili una moto tangu lini?
Bibi: Tangu juzi usiku. Anakohoa, na tangu jana anapumua mbio mbio.
Tabibu: Ananyonya? Anatapika? Amepata degedege?
Bibi: Ananyonya kidogo kidogo. Hatapiki. Degedege hapana.
Tabibu: Haya, mfunue nguo nihesabu pumzi. (Anahesabu dakika moja.) Ni 56.
Bibi: Hiyo ni nyingi?
Tabibu: Ndiyo. Kwa umri wake, kuanzia 50 ni haraka. Lakini kifua hakiingii ndani. Joto ni nyuzi 38.4. Tumpime damu pia.

(Baada ya kupima.)

Tabibu: Kipimo cha malaria ni hasi.
Bibi: Hasi? Ndiyo vibaya hivyo?
Tabibu: Hapana, bibi. Hasi maana yake hatukuona malaria. Chanya ndiyo ingekuwa ameonekana nayo.
Bibi: Sasa ana nini?
Tabibu: Ana nimonia, homa ya mapafu. Nitampa dawa.
Bibi: Hebu nisomee ulivyoandika, na mimi niandike kwenye daftari langu. Dawa mara ngapi, siku ngapi?
Tabibu: Nitakusomea yote. Atumie zote hata akipata nafuu. Umrudishe baada ya siku 2 nimwone. Lakini akishindwa kunyonya, au kifua kikianza kuingia ndani, usingoje siku hizo. Njoo hata usiku.
Bibi: Nimesikia. Akishindwa kunyonya, au kifua kikiingia ndani, nakuja hapo hapo.

Mnaona bibi alivyofanya? Alisema siku ugonjwa ulipoanza. Alisema alichokiona. Aliuliza neno asilolijua. Mwisho alirudia maagizo kwa mdomo wake mwenyewe. Kama angempa mtoto dawa ya jirani, nimonia ingeendelea, na mtoto yule huenda asingefika wiki ya pili.

6. DALILI ZA KUTONGOJA

Mtoto wa chini ya miaka 5 apelekwe kituoni mara moja akiwa na mojawapo ya hizi:

Hawezi kunywa wala kunyonya.
Anatapika kila kitu.
Amepata degedege.
Amelegea sana, au haamki.

Mkiweza, ziandikeni kwenye karatasi kubwa mkaibandike nyumbani.

7. MASWALI YA KUJADILI

1. Kuna tofauti gani kati ya dalili anayoisikia mgonjwa na dalili anayoiona mganga? Toeni mifano mitatu ya kila namna.
2. Kwa nini si vizuri kusema kila homa ni malaria?
3. Mtoto wa miaka 2 anapumua mara 44 kwa dakika. Je, ni haraka au ni kawaida?
4. Katika kijiji chenu watu husemaje kwa lugha ya nyumbani kuhusu upungufu wa damu, manjano na uvimbe wa maji? Yaandikeni maneno hayo pamoja na ya Kiswahili, mmpelekee mganga wa zahanati yenu. Yatamsaidia, hasa kama ni mgeni.
5. Je, wako watu kijijini wanaoona haya kumwuliza mganga? Ni kwa sababu gani? Tufanyeje?

Safari nyingine mkienda zahanati, chukueni daftari na kalamu. Mganga akimaliza kupima, mwulizeni maswali matatu: Umeona nini? Maana yake nini? Nikiona nini nirudi upesi? Kuuliza si ujinga. Anayeuliza njia hapotei.